Mji Mmoja, Majina Mawili: Yerusalemu na Baitul Mukaddas katika Maandishi

Msomaji wa Kiswahili akutanapo na jina Yerusalemu hujua mara moja kwamba maandiko aliyoyashika yametoka kwa Wakristo. Akutanapo na jina Baitul Mukaddas hujua kwamba yametoka kwa Waislamu. Mji ni ule ule mmoja, juu ya vilima vile vile vya Palestina, wenye kuta zile zile na visima vile vile. Lakini katika Kiswahili umekuwa kama miji miwili isiyojuana. Jambo hili limezoeleka hata halionekani tena kuwa ni tatizo. Hata hivyo lina matokeo yake katika fasihi, nayo si madogo. Kila upande umeurithi mji kwa jina lake na kwa utukufu wake, wala hakuna upande uliowarithi watu wake. Katika maandishi mengi ya Kiswahili mji huu una manabii, una malaika, una damu ya mashahidi. Hauna mwoka mikate, hauna mteka maji, hauna mjane anayedaiwa kodi ya nyumba. Suala la uhakiki huu ni hili: ni maandishi ya namna gani yaliyofaulu kuuonyesha mji mtakatifu pamoja na wakazi wake, na Kiswahili kina nyenzo gani za kufanya vivyo hivyo.

Majina ya mji yenyewe ni historia. Katika barua za udongo zilizogunduliwa Tell el-Amarna, nchini Misri, mwaka 1887, barua ambazo ziliandikwa katika karne ya 14 K.K., mtawala wa mji huu aitwaye Abdi-Heba anamwandikia Farao, na mji unaitwa Urusalim. Kwa hiyo jina hili ni la kale kuliko Mfalme Daudi, na ni la kale kuliko dini zote tatu ziutukuzazo mji. Katika karne ya 2 B.K. Kaisari Hadrian aliujenga upya kuwa mji wa Kirumi, akauita Aelia Capitolina kwa jina la ukoo wake, na Wayahudi wakakatazwa kukaa ndani yake. Jina hilo la mfalme asiyemwabudu Mungu mmoja lilidumu kwa namna ya ajabu, kwa maana Waarabu walioupokea mji kutoka kwa Patriarki Sophronius zamani za Khalifa Omar, karibu mwaka 638, waliuita Iliya. Baitul Mukaddas nalo ni jina lililo ndugu wa neno la Kiebrania Beit ha-Mikdash, litajalo Hekalu. Kuhusu jina al-Quds, msafiri wa Kiajemi Nasir Khusraw, aliyefika mwaka 1047, aliandika kwamba ndilo walilokuwa wakilitumia watu wa Sham. Yaonekana basi kwamba kila jina limepita katika vinywa vya watu wa dini zaidi ya moja. Kugawanyika kwa majina si tabia ya mji wenyewe. Ni tabia ya njia ambazo habari zake zilisafiri.

Katika Afrika ya Mashariki njia hizo zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya elimu ya Kiislamu na tenzi za Miraji, zilizosomwa katika miji ya pwani usiku wa kuamkia mwezi 27 Rajabu. Ya pili ni ya tafsiri za Biblia zilizoanza katika karne ya 19, na ambazo kwa Biblia ya mwaka 1952, iliyokubaliwa na makanisa mengi, zililithibitisha umbo Yerusalemu katika Kiswahili sanifu. Njia hizi mbili hazikukutana mahali pengi. Lakini mhakiki akizitazama kwa pamoja ataona kwamba zinafanana katika jambo moja kubwa. Katika masimulizi ya Miraji mji ni kituo: Mtume anafikishwa hapo usiku, anawasalisha mitume waliomtangulia, kisha anapaa. Katika mahubiri na nyimbo za Kikristo mji ni mfano: Yerusalemu ya duniani inatajwa upesi ili msikilizaji ainuliwe macho kwa Yerusalemu ya mbinguni. Pande zote mbili, basi, zimeufanya mji kuwa ngazi, na mwenye kupanda ngazi hatazami ardhi iliyoisimamisha.

Haitakuwa haki kuwalaumu watunzi wa tenzi na nyimbo kwa hilo. Kazi yao ilikuwa kusifu na kufunza, nao waliifanya kwa ufundi. Lawama, kama ipo, ni ya nathari, yaani ya vitabu vya historia, vya jiografia na vya safari, ambavyo vilipaswa kueleza mahali na badala yake vikaendelea kupanda ngazi ile ile. Yafaa basi kuwe na kipimo cha kuzipimia kazi za namna hiyo. Kipimo chepesi na cha haki ni kuuliza kama msomaji, akimaliza kitabu, ataweza kusema watu wa mji ule waliyapata wapi maji na nani aliwaokea mkate. Maji hasa yafaa kuwa kipimo, kwa kuwa mji huu umejengwa mahali penye chemchemi moja tu ya kutegemewa, nayo ni Gihoni, chini ya kilima cha kusini-mashariki, nje ya kuta za leo. Mfereji uliochongwa ndani ya mwamba ili kuyapeleka maji yake katika birika la Siloamu una urefu wa kiasi cha mita 533, na maandishi ya Kiebrania yaliyogunduliwa ndani yake mwaka 1880 hayamtaji mfalme wala nabii. Yanaeleza jinsi mafundi walivyochimba kutoka pande mbili, wakasikiana sauti, wakakutana. Hayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya mji huo, na wenye kusema humo ni wachimbaji.

Wageni waliokuja kuzuru mara nyingi walikosa kipimo hicho. Msafiri kutoka Bordeaux, aliyefika mwaka 333, ndiye Mkristo wa kwanza ambaye maelezo ya ziara yake yamebaki. Anahesabu madimbwi, nguzo na makaburi kama karani ahesabuye mizigo bandarini, na wakazi hawaonekani, isipokuwa mahali pamoja ambapo anataja kwamba Wayahudi waliruhusiwa kuja mara moja kwa mwaka kuomboleza kwenye jiwe lililotobolewa. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko orodha yake yote, maana ndiyo peke yake inayoonyesha kwamba utakatifu wa mmoja ulikuwa kizuizi kwa mwingine.

Egeria, mwanamke Mkristo kutoka nchi za magharibi, aliyekaa mjini humo kati ya miaka 381 na 384, alifika mbali zaidi. Barua yake ndefu, iliyogunduliwa Italia mwaka 1884, inapendeza sana kwa wachunguzi wa lugha. Anaeleza kwamba askofu alihubiri kwa Kigiriki hata kama alijua Kisiria, na kasisi mmoja alisimama kando yake akafasiri kwa Kisiria kwa ajili ya watu wa nchi. Na waliojua Kilatini tu walifafanuliwa na ndugu waliojua lugha zote mbili. Anaeleza pia kwamba siku ya kubusu mti wa Msalaba mashemasi waliulinda kwa makini, kwa sababu hapo nyuma ilisemekana kwamba mtu mmoja aliuinamia kana kwamba anabusu, akauma kipande, akaenda nacho. Katika mambo hayo mawili msomaji anauona mji: umati wa watu wasioelewana kwa lugha, walinzi, na mwizi mwenye imani. Kasoro yake ni kwamba watu hao wote wako kanisani. Wakitoka nje ya mlango, Egeria hawafuati.

Nasir Khusraw alikuwa Mwislamu na mtumishi wa serikali aliyezoea hesabu. Aliupima uwanja wa Haram kwa dhiraa, akaandika kwamba wakazi walikuwa kiasi cha 20,000, kwamba njia zimesakafiwa kwa mawe, kwamba kila kazi ya mikono ilikuwa na soko lake, na kwamba palikuwapo hospitali iliyowatibu wagonjwa na kuwalipa waganga kutokana na mali ya wakfu. Aliona pia jinsi maji ya mvua yalivyokusanywa kutoka juu ya mapaa na sakafu hata yakaingia katika mabirika. Huyu, ijapokuwa alikuwa mgeni, kipimo cha maji anakitimiza. Alichokosa ni sauti za watu. Hesabu yake ni sahihi na ya heshima, ila hakuna mtu anayenung'unika ndani yake.

Upande wa pili kabisa wapo waandishi ambao kwao wakazi ni kizuizi cha utakatifu. Raymond wa Aguilers, kasisi aliyefuatana na jeshi la Wafaranki, alikuwapo mji ulipotekwa tarehe 15 Julai, 1099. Aliyaeleza mauaji ya Waislamu waliokuwamo kwa furaha, akiyaita hukumu ya haki ya Mungu. Ni vigumu kumtuhumu kwamba hakuona, aliona vizuri. Lakini kwake mahali palikuwa patakatifu hata watu waliokaa hapo wakawa kama uchafu wa kusafishwa. Hapa ndipo uhakiki wa maandishi unapoacha kuwa mchezo wa wasomi. Mwandishi anayetukuza mawe bila kuwajua wakazi humzoeza msomaji kuwaona wakazi kuwa ni wa ziada.

Mwandishi wa kwanza aliyeushinda udhaifu huo kwa ukamilifu alikuwa mwenyeji. Al-Muqaddasi, ambaye jina lake lenyewe lamtaja kuwa mtu wa Baitul Mukaddas, alikamilisha kitabu chake cha jiografia karibu mwaka 985. Babu yake alikuwa mjenzi, naye ndiye aliyeijenga bandari ya Akka kwa amri ya Ibn Tulun. Na jicho la mjenzi laonekana kwa mjukuu. Anasimulia kwamba katika baraza moja huko Basra aliulizwa ni mji gani ulio bora, akautetea mji wake mbele ya wote. Aliusifu kwa hali yake ya hewa, kwa matunda yake, na kwa kuwa unakusanya dunia na akhera. Kisha, pasipo kulazimishwa na mtu, anageuka kutaja aibu zake: mabafu machafu kuliko ya mji wowote, vyakula ghali, wanavyuoni wachache, wanyonge wasio na mtetezi, msikiti usio na vikao vya elimu, na Wakristo na Wayahudi kuwa ndio wenye nguvu.

Lawama hizo zina upendeleo; ni za msomi wa Kiislamu anayesikitikia nafasi ya watu wa namna yake. Hata hivyo ndizo zinazothibitisha kwamba mwandishi anaujua mji. Mwenye kuzuru hakasirishwi na bei ya vyakula. Tena ni yeye anayetaja mabirika matatu makubwa ndani ya mji, na mabafu yaliyokuwa karibu nayo, na jinsi ilivyokuwa nadra kuiona nyumba isiyo na kisima cha mvua. Ni yeye pia anayesimulia mazungumzo na ami yake juu ya majengo ya Bani Umayya: kwamba Abd al-Malik, alipouona ukuu wa kuba la kanisa la Wakristo, alihofia usije ukaitawala mioyo ya Waislamu, akalijenga Kuba la Mwamba, ambalo maandishi yake yana tarehe ya mwaka 72 wa Hijra, yaani 691 au 692. Wanahistoria wametoa sababu nyingine za ujenzi huo, lakini kwa mhakiki wa fasihi cha muhimu ni namna habari ilivyoelezwa. Dini mbili hapa hazikabiliani kwa hoja. Zinatazamana kwa mapaa, kama majirani wawili wanaojenga nyumba katika mtaa mmoja.

Miaka mia tano baadaye mwenyeji mwingine, Kadhi Mujir al-Din al-Ulaymi, aliiandika historia ya mji huo na ya al-Khalil. Yeye ni mtu wa sheria, na mji wake ni mji wa madrasa, wakfu, makadhi na kesi. Miongoni mwa kesi hizo ni ile ya sinagogi ya Wayahudi lililobomolewa mwaka 1474 baada ya ugomvi juu ya kiwanja kilichokuwa karibu na msikiti, shauri likafika mpaka kwa Sultani Qaytbay huko Cairo, naye akaamuru lijengwe tena. Mapungufu ya kazi hii ni kwamba aliyevaa kilemba hutajwa kwa nasaba yake yote, na aliyebeba kiriba cha maji hatajwi kabisa. Yafaa isomwe pamoja na barua za Obadiah wa Bertinoro, mwanachuoni wa Kiyahudi kutoka Italia, aliyefika mwaka 1488 akakaa. Obadiah aliona nyumba 70 tu za Wayahudi, wengi wao maskini, na wajane wakiwa wengi kuliko waume. Kadhi na mwanachuoni huyo walipita katika vichochoro vile vile kwa miaka kadhaa. Kila mmoja ameacha nusu ya mji, na nusu hizo zikiunganishwa ndipo unapopatikana mji wa zama za Wamamluki.

Wale ambao Mujir al-Din hakuwataja wamepata mwandishi mwingine asiyetazamiwa, naye ni karani wa mahakama. Katika miaka ya 1974 na 1976 zilipatikana katika jumba la makumbusho la Haram hati zipatazo 900, nyingi zikiwa za mwisho wa karne ya 14. Sehemu kubwa ni orodha za mali za watu waliokuwa wakikaribia kufa, wake kwa waume: nguo, magodoro, vyombo vya shaba, madeni. Tangu karne ya 16 ziko pia daftari za mahakama ya kadhi, ambamo Waislamu, Wakristo na Wayahudi walikuja kuandikisha bei, ndoa, ugomvi na vyama vya kazi, kuanzia wachinjaji mpaka watengeneza sabuni. Maandishi hayo si fasihi, wala waandishi wake hawakukusudia kusomwa. Lakini yameifanya kazi ambayo fasihi iliiacha. Kutokana na hati za namna hiyo yajulikana kwa mfano jinsi jiko la wakfu lililoanzishwa na Hurrem, mkewe Sultani Suleiman, mwaka 1552, lilivyowagawia mamia ya watu supu na mkate mara mbili kwa siku, kwa mapato ya vijiji vilivyowekwa wakfu. Jiko hilo lilikuwa lingali likitoa chakula hata katika karne ya 21. Kuta za Suleiman, zilizojengwa kati ya 1537 na 1541, hutajwa katika kila kitabu. Sufuria za mkewe hutajwa katika vichache.

Kazi ya karibu zaidi na ya uchangamfu zaidi ni kumbukumbu za Wasif Jawhariyyeh, aliyezaliwa mjini mwaka 1897 katika familia ya Kikristo ya Kiorthodoksi, mpiga udi na karani, aliyefariki Beirut mwaka 1972. Zilichapishwa kwa Kiarabu katika juzuu mbili, 2003 na 2005. Alilelewa katika mtaa uliokuwa na Waislamu wengi, akasoma Kurani ili apate Kiarabu kilicho safi. Anaeleza usiku wa Ramadhani, msafara wa Nabi Musa, na mavazi ya furaha ya Purimu ambayo vijana wa dini zote waliyavaa. Anaeleza pia jinsi nyumbani kwao vijiko vya mbao vilivyoacha kutumika vikaja vya shaba, jinsi bilauri zilivyokuja badala ya bakuli moja la kunywea watu wote, na jinsi baba yake alivyonunua vitanda vya chuma mwaka 1906, watoto wakaacha kulala sakafuni. Mabadiliko ya zama yanaingia kwa njia ya kijiko na kitanda, kabla ya kuingia kwa njia ya bendera.

Hakuna budi kuikosoa kazi hii pia. Jawhariyyeh alikuwa mtu wa nyumba za wenye uwezo na wa karamu za usiku. Umaskini wa Obadiah haumo. Tena sehemu kubwa aliiandika baada ya mji kugawanyika mwaka 1948, naye mwenyewe akiwa ameipoteza nyumba yake. Kwa hiyo utamu wa zamani umezidishwa na uchungu wa baadaye. Msomaji asidhani kwamba ujirani ule ulikuwa amani tupu. Hata katika lugha ya watu palikuwa na vijembe: kanisa lijengwalo juu ya kaburi la Yesu, ambalo Wakristo wa Kiarabu huliita la Qiyama, yaani la Ufufuo, Waislamu wengi wa zamani, al-Muqaddasi akiwa miongoni mwao, waliliita Qumama, yaani la jaa la takataka. Na ndani ya kanisa hilo hilo Wakristo wa madhehebu sita wanagawana nguzo, taa na saa za ibada kwa kanuni zilizothibitishwa na Dola ya Uthmaniya mwaka 1852, huku ufunguo wa mlango ukiwa mikononi mwa familia za Kiislamu. Waethiopia wana vijumba vyao juu ya paa la sehemu moja ya jengo hilo, katika ugomvi wa muda mrefu na Wakopti. Hapo ndipo Afrika inapoonekana mjini. Huonekana pia karibu na mlango wa Baraza wa Haram, ambapo wazao wa mahujaji kutoka Chad, Sudan, Nigeria na Senegal wameishi katika nyumba mbili za wakfu zilizojengwa katika karne ya 13. Vitabu vya Kiswahili vya pande zote mbili vimewapita Waafrika hao bila salamu.

Kwamba kutowaona wakazi kuna hatari, karne ya 20 ilithibitisha tena. Mwaka 1948 Wayahudi wa mtaa wao wa kale ndani ya kuta waliondolewa, na masinagogi yao yakabomolewa, likiwamo lile kubwa la Hurva. Mwezi Juni 1967 mtaa wa Wamaghribi, uliowekwa wakfu na mwana wa Salah al-Din mwaka 1193, ulibomolewa kwa siku chache ili kufanya uwanja mbele ya Ukuta wa Magharibi. Katika mikasa yote miwili mawe matakatifu yalitajwa sana, na watu waliotolewa humo walitajwa kwa idadi. Fasihi haiwezi kuzuia matingatinga. Yaweza hata hivyo kuzuia lile linaloyatangulia, yaani mazoea ya kuusoma mji kana kwamba hauna mtu.

Basi Kiswahili kina nini cha kuitendea kazi hiyo? Jibu ni kwamba kina mengi kuliko kinavyodhaniwa, tena si katika maneno ya utukufu bali katika maneno ya matumizi. Birika ni neno la kila siku la pwani, kwa kisima cha kutawadhia msikitini. Ni neno lile lile wenyeji wa Baitul Mukaddas walilolitumia kwa mabwawa yao, na al-Muqaddasi akayaorodhesha kwalo. Sabili kwa Kiarabu ni njia, na ni bomba la maji ya bure barabarani, kama yale ambayo Sultani Suleiman aliyajenga mjini humo mwaka 1536 na 1537. Katika Kiswahili maji yamekauka lakini ukarimu umebaki, kwani kusabilia mali ni kuitoa bure kwa ajili ya watu wote. Wakfu, kadhi, tanuri na soko hayahitaji maelezo yoyote. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kuuelezea mtaa wa mji huo bila kuazima neno, na jambo hilo haliwezekani katika lugha nyingi za Ulaya.

Yapo pia maneno ya kuangaliwa kwa hadhari. Haram, katika jina la uwanja wa misikiti, na haramu ya Kiswahili ni neno moja kwa asili, lakini Kiswahili kimeshika maana ya katazo na kuiacha maana ya heshima. Msomaji asiyeonywa atashangaa mahali patukufu kuitwa hivyo. Njia iliyo salama ni kuliacha jina la mahali bila irabu ya mwisho na kulifafanua mara ya kwanza. Kuhusu kanisa lile, desturi ya kulitaja kuwa la Kaburi Takatifu imetoka kwa Wakristo wa magharibi. Kanisa la Kiyama lingekuwa jina bora. Wakristo wa mji wenyewe hulitumia. Biblia ya Kiswahili husema kiyama ya wafu. Na Mwislamu akilisikia neno hilo halimpigi chenga. Hapa jina moja lawafaa watu wote watatu.

Kuhusu jina la mji, haifai mtu kudai kwamba moja lifutwe. Yerusalemu lina umri wa zaidi ya miaka 3,000, na Baitul Mukaddas limebeba sala za vizazi vya pwani. Kinachotakiwa ni kwamba mwandishi wa nathari ayatumie yote mawili ndani ya kitabu kimoja, kila moja mahali ambapo wenye kusema wangelitumia: Egeria awe yuko Yerusalemu, al-Muqaddasi awe yuko Baitul Mukaddas, na msomaji aone kwa macho yake kwamba wote wawili wanakunywa maji ya mvua ile ile. Mtafsiri atakayezileta kurasa za al-Muqaddasi katika Kiswahili, pamoja na barua za Obadiah na kumbukumbu za Jawhariyyeh, atakuwa ameifanyia lugha huduma kuliko mwenye kuongeza kitabu kingine cha sifa. Sifa za mji huo zimekwisha kuandikwa vizuri. Wakazi wake wangali wanangoja.